Nilimshonea Kalondu Viti, Kisha Nikampakia Mizigo

Ndege ya abiria ikigeuzwa kuwa ya mizigo, kitu cha kwanza kutolewa ni viti. Hilo nalijua vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa mshonaji wa viti.

Mumbua, juzi uliniuliza mimi bibi yako kwa simu, "Susu, kwani ndege ya mizigo ina tofauti gani na hizo zingine? Si ni ndege tu?" Nikakujibu kwamba salio linaisha na nitakuandikia. Sasa nakuandikia. Kuku wamekula, mbaazi ziko motoni, na hapa Mbumbuni leo si siku ya soko, kwa hivyo hakuna wa kunisumbua. Wasomee na wenzako mnaoanza nao mafunzo ya kupakia ndege mwezi huu. Nikirukaruka mambo mnivumilie. Nilifanya kazi miaka mingi na kichwa hakiyapangi kama faili.

Kushona viti vya ndege si kama kushona sare za shule. Sare nilizishona hapa hapa sokoni, kwenye veranda ya duka la mjomba wangu, kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Nilipopata kazi kwenye karakana ya ndege kule Nairobi nilidhani nimeshajua kila kitu. Siku ya kwanza fundi aliyenipokea alichukua kitambaa kizuri nilichokuja nacho kama mfano wa kazi yangu, akakishikia kiberiti. Kikawaka na kuisha kabla sijafungua mdomo. Akachukua chao, akakishikia kiberiti vilevile, kikafuka moshi kidogo na kuzima. "Hicho chako," akasema, "ni cha kukalia kanisani."

Nilijifunza. Nilijifunza pia kwamba mshono ukimkaa abiria vibaya kwa saa sita, ataukumbuka kuliko chakula mlichompa. Kwa hivyo kila kiti nilichomaliza nilikikalia mimi mwenyewe kwanza, nikisoma gazeti. Msimamizi akinikuta alidhani nimetega kazi. Nilimwambia hiyo ndiyo kazi.

Na vitu nilivyokuta ndani ya viti hivyo, wanangu. Jino la mtoto lililofungwa kwa karatasi laini. Picha ya harusi iliyokunjwa mara nne. Meno bandia, safu nzima ya juu, na mwenyewe hakurudi kuyauliza. Kila kitu tulikiandika na kukipeleka kwa ofisi ya vitu vilivyopotea, lakini kabla ya kukipeleka nilikiangalia kidogo, nikimuwazia mwenyewe.

Kampuni ilikuwa na ndege tano. Moja nilikuja kuipenda kuliko zingine, na jina nililipa mimi: Kalondu. Kwa Kikamba ni kondoo mdogo, na ni jina la wasichana wengi wa kwetu. Nilimwita hivyo kwa sababu alikuwa mtulivu. Ndege zingine zilikuwa na visirani vyao, hii taa haiwaki, ile choo kinaziba, lakini Kalondu alikuja karakana siku yake ya kukaguliwa, akakaguliwa, akaenda zake. Mafundi wa injini walinicheka, kisha wakaanza kumwita hivyo hivyo. Mwishowe hata marubani.

Sasa, ndege ina umri wake wa kubeba watu. Mabawa bado yana nguvu, injini zinabadilishwa, lakini abiria anaangalia kabati la juu limekwaruzwa na anaona ndege imezeeka. Katoni ya bilinganya haiangalii kabati. Ndiyo maana wenye ndege huigeuza, ikapata miaka mingine ya kazi. Kwa hesabu za kampuni ni jambo la akili. Lakini siku tuliyoambiwa kwamba zamu ya Kalondu imefika, mimi sikuona akili yoyote pale. Niliona viti vyangu vikifunguliwa, safu moja baada ya nyingine, kutoka kwenye reli zake sakafuni, na kushushwa kwa ngazi hadi kwenye lori. Nilisaidia kuvifungua. Niliona heri mikono iliyovishona iwe ndiyo inayovitoa.

Kalondu akarushwa ng'ambo, kwenye karakana inayofanya kazi hiyo ya kugeuza, akakaa huko miezi. Mimi nikabaki nikishona mapazia, na katikati ya hapo nikaitwa ofisini na kuambiwa kwa upole kwamba ndege zikipungua viti, washonaji nao wanapungua. Mwisho wa mwezi uliofuata ningerudi nyumbani. Nilikuwa na watoto watatu, Mumbua, na wa kwanza wao ndiye mama yako.

Kalondu alirudi wiki mbili kabla ya siku yangu ya mwisho. Nilikwenda kumwona kama mtu anayekwenda hospitali kumwona mgonjwa. Alikuwa amepakwa rangi nyeupe mwili mzima. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa bamba. Ubavuni kushoto, nyuma kidogo ya marubani, walikuwa wamemkata na kumwekea mlango mkubwa ambao gari dogo lingepita. Nikapanda. Ndani hakukuwa na kitu. Sakafu ilikuwa imeimarishwa, imejaa magurudumu madogo ya chuma ya kuteleza mizigo, na vifungio pembeni. Mbele kulikuwa na ukuta mgumu kati ya marubani na mizigo, ili ndege ikisimama ghafla mizigo isiwafikie. Nikasema "Kalondu," na sauti ikaenda mpaka mkiani na kurudi.

"Wewe ndiye uliyekuwa unashona humu?"

Aliyeniuliza alikuwa mtu mrefu, mwembamba, ndevu zake zimetiwa hina. Alikuwa Mzee Abdi, mtu wa kutoka upande wa Wajir, aliyeletwa na kampuni awe mpakiaji mkuu wa ndege hiyo. Wenyewe tunamwita lodimasta. Ni yeye anayepanga kila mzigo ukae wapi, anausimamia ukifungwa, na ndege ikiruka anaruka nayo.

"Ndiyo mimi," nikasema.

"Mbona unalia?"

Sikujua kwamba nalia. Nikamwambia ni vumbi. Akaangalia sakafu mpya inayong'aa, isiyo na vumbi hata chembe. Kisha akasema, "Mtu aliyeshona anajua kufunga. Mimi natafuta watu wa kufunga mizigo. Kazi ni ngumu, na hakuna mwanamke mwingine. Ukitaka, njoo kesho na viatu vya kufunika vidole."

Nilikwenda na viatu vya kaka yangu, nimejaza magazeti mbele.

Mzigo wa ndege haurundikwi tu, wanangu. Unapangwa juu ya bamba pana la alumini linaloitwa paleti, unafunikwa na karatasi ya plastiki, unafungwa kwa wavu wenye nguvu, na wavu unanaswa kwenye kingo za bamba. Halafu paleti nzima inainuliwa hadi mlangoni na kusukumwa ndani juu ya yale magurudumu, mpaka mahali pake, na kufungiwa. Siku yangu ya tatu niliona wavu mmoja umekatika pembeni. Nikafurahi. Nikaona sasa hapa ndipo watakapojua mimi ni nani. Nilikaa na sindano yangu kubwa mchana kutwa, nikaushona ule wavu mpaka hata mimi nikatafuta palipokatika nikapakosa. Nikampelekea Mzee Abdi.

Akaugeuza mikononi. "Umeshona wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kazi nzuri sana," akasema, akatoa kisu, akaukata vipande viwili.

Akanieleza mwenyewe, bila ukali. Wavu wa ndege hautengenezwi na mtu yeyote anayejua kushona. Unapelekwa kwa walio na ruhusa, unavutwa kwa mashine kupimwa, unapewa karatasi yake. Ukikatika juu kule, mzigo unatembea, na mzigo ukitembea ndege inakwenda unakokwenda mzigo. "Niliukata," akasema, "kwa sababu ni mzuri. Ungekuwa mbaya, kila mtu angeona asiutumie."

Maneno hayo nimewaambia watu wengi tangu siku hiyo. Kazi mbovu inayopendeza macho ndiyo ya kuogopa.

Mizani ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Mzee Abdi alinifundisha kwa ngamia, kwa sababu baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ngamia na yeye alikulia kwenye misafara. Angechora ngamia kwenye katoni, hapa nundu, hapa mtungi, hapa kuni. Nilitikisa kichwa tu, nikisema ndiyo, ndiyo. Mimi ngamia nilikuwa sijawahi kumkaribia. Siku moja nikamwambia, "Mzee, kwetu ni punda."

"Haya. Punda wenu anabeba nini?"

"Maji. Mitungi minne ya plastiki, miwili huku, miwili huku. Ukifika nyumbani ukashusha miwili ya upande mmoja, tandiko linazunguka, na ile mingine inaanguka tumboni kwake."

"Kwa hivyo unashushaje?"

"Mmoja huku, mmoja huku."

Akatabasamu. "Sasa unajua ndege. Tofauti ni kwamba punda wako huyu amelala kwa urefu. Usiangalie kushoto na kulia sana, angalia pua na mkia."

Tangu siku hiyo mahesabu yakaanza kunikubali. Kila paleti ina uzito wake, na umbali wake kutoka katikati. Unajumlisha, unatafuta ile nukta ambayo ndege nzima ingesimama juu yake kama ungeiinua kwa kidole. Nukta ikiwa ndani ya mipaka, mnaenda. Ikiwa nje, hamwendi, hata mwenye mzigo awe nani. Mlio na simu za kisasa mtafanyiwa na kompyuta. Sawa. Lakini kompyuta inakubali chochote unachoiambia. Nenda ukaangalie paleti mwenyewe. Nilikuwa naangalia magurudumu ya toroli iliyoibeba, yamebonyea kiasi gani. Mara mbili niliirudisha paleti kwenye mzani kwa sababu ya magurudumu tu, na mara zote mbili karatasi ilikuwa imesema uongo.

Sasa niwaambie siku niliyokosea.

Mlango mkubwa wa Kalondu uko mbele. Maana yake ni kwamba mkishusha mizigo, ya mbele ndiyo inayotoka kwanza, na ya nyuma inabaki. Mbele panakuwa pepesi, nyuma pazito. Kwa hivyo kabla ya kushusha chochote mnaweka nguzo ya chuma chini ya mkia, ishikilie. Ni dakika tano za kazi. Siku hiyo mchana mawingu yalikuwa yamefunga, nguzo yetu ilikuwa imeazimwa na ndege nyingine, na Mzee Abdi alikuwa amekwenda kuswali alasiri. Aliniambia, "Ndinda, msianze mpaka nguzo ije." Nikasema sawa. Kisha matone mawili matatu yakaanguka. Mizigo ilikuwa vitambaa, na niliwaza jinsi vitakavyolowa. Nikawaambia vijana tutoe paleti mbili tu wakati tunangoja.

Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikahisi sakafu inainama chini ya viatu vyangu, polepole, kama kitanda mtu anapokaa upande wa pili. Pua ya Kalondu ilikuwa inainuka.

Ndani kulikuwa na mpakiaji anayeitwa Musyoka, amesimama nyuma ya paleti ya tatu ambayo tayari tulikuwa tumeifungua. Ile paleti ikaanza kuteleza kumfuata. Nilimwita jina. Alijibana kwenye ubavu wa ndege, kati ya chuma na chuma, na paleti ikampita ikivuta koti lake. Mkia ukagusa lami. Haukupiga kelele kubwa. Ilikuwa sauti kama ya mtu anayeweka sufuria chini.

Musyoka alitoka akiwa na mkono mmoja wa koti. Alikuwa mzima. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu iliyoinama.

Mzee Abdi alirudi akiwa bado na maji kwenye ndevu. Alimwangalia Musyoka kwanza, akamshika mabega, akamgeuza mbele na nyuma. Kisha akaangalia mkia. Kisha akaja kwangu.

"Nani alisema muanze?"

"Mimi."

"Nilikwambia nini?"

"Tusianze."

Akakaa kando yangu. Mvua yenyewe, kwa taarifa yenu, haikunyesha. Kisha akasema, "Twende tukaandike ripoti. Tulikuwa wawili zamu hii."

"Hapana, Mzee. Wewe hukuwepo."

"Hilo ndilo langu la kuandika. Wewe andika lako."

Tuliandika kila mtu karatasi yake. Kalondu alikaa siku nne akikaguliwa, na mimi nilikaa mwezi mzima nikifagia ghala bila kuruhusiwa kugusa ndege. Mwezi ulipoisha Mzee Abdi alinipa fulana yangu ya kung'aa, na neno moja. "Njoo." Musyoka aliniletea ule mkono wa koti uliokatika, akaniambia nimshonee. Nilimshonea. Koti hilo halikuhitaji ruhusa ya mtu.

Nilikuja kuwa lodimasta mwenyewe, chini ya Mzee Abdi, tukipokezana safari. Tulipeleka mboga na nyama Uarabuni, tukarudi na vipuri, simu, nguo. Mboga nyingi zilitoka kwetu, Kibwezi, kule wanakonyunyizia mashamba kwa maji ya mto: karela, bamia, pilipili. Nilizipenda katoni hizo. Niliyasoma majina ya vikundi vya wakulima kama mtu anayesoma barua za nyumbani. Na kikundi kimoja kilikuwa cha dada yangu Mwende.

Siku hiyo jua lilikuwa kali sana. Nairobi iko juu, hewa yake nyepesi, na joto likipanda inakuwa nyepesi zaidi, mabawa hayapati cha kushikilia. Tulikuwa tumeshapakia kila kitu. Kapteni akatoka, akaangalia joto, akafanya hesabu, akaniambia, "Ndinda, toa paleti moja. Ya karibu kilo elfu moja na nusu. Hatuwezi kuondoka hivi."

Paleti za uzito huo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nyama ya mbuzi, nyuma kabisa, ya wafanyabiashara wa kwao Mzee Abdi. Nyingine ilikuwa ya Mwende, katikati.

Mzee Abdi alikuwepo. Alinipa kalamu, akasogea pembeni, akaanza kuangalia matairi ambayo alikuwa ameshayaangalia.

Nikapiga hesabu. Nikitoa nyama ya nyuma, pua inazidi kuwa nzito, inatoka nje ya mipaka. Nikitoa ya Mwende, uzito unapungua na mizani inakaa palepale. Nikapiga tena. Nikapiga ya tatu, na kusema kweli hiyo ya tatu nilikuwa natafuta kosa. Halikuwepo.

Tukatoa paleti tatu za mbele, tukatoa ya Mwende, tukazirudisha zile tatu. Wakati inashuka niliona kwenye katoni ya juu mtu ameandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi za Mwende, "Shikeni pole pole." Tukaruka.

Mboga zililala kwenye chumba cha baridi na kuondoka kesho yake, lakini sehemu kubwa ilifika imenyauka na ikakataliwa. Mwende alinipigia simu mara moja tu. "Umetoa yangu ukaacha ya wengine," akasema. Nilianza kumweleza kuhusu pua na mkia, naye akakata. Hakuongea nami mvua zote za mwaka huo. Kwenye harusi ya binamu yetu kule Kiboko alikaa meza nyingine, amenipa mgongo, na mimi nikakila chakula bila kujua ni nini.

Ni mama yetu alipougua kidogo ndipo tulipokutana jikoni kwake, wawili tu, tukichambua maharagwe. Tulichambua nusu ya ungo. Kisha Mwende akasema, bila kuinua macho, "Kama ningekuwa ndani ya ile ndege, mimi mwenyewe, ungetoa nini?"

"Zile zile zako."

Akachambua. Akatupa jiwe moja nje.

"Na ungeniambia sababu?"

"Ungenikatia simu."

Alicheka akiwa hataki kucheka, unajua vile susu yako Mwende anavyofanya, mkono mdomoni. Tangu siku hiyo katoni za kikundi chake zilikuja na mfuko mdogo wa mbaazi juu, umeandikwa jina langu, na kila mara nilimwambia sheria hainiruhusu kuuchukua mpaka upimwe. Aliendelea kuuleta. Tuliupima.

Kalondu alifanya kazi ya mizigo miaka mingi kuliko aliyofanya ya abiria. Mwisho wake haukuwa wa ajabu. Ukaguzi mkubwa ulifika, gharama ikazidi, akaegeshwa pembeni, wakaanza kutoa injini, halafu magurudumu, halafu vyombo vya marubani. Sehemu zake ziko ndani ya ndege zingine sasa hivi, zinaruka. Mzee Abdi alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Nilimpigia kumwambia. Akaniuliza kama mlango mkubwa ulikuwa bado unafunga vizuri siku ya mwisho. Nikasema ndiyo. Akasema alhamdulillahi. Tukakaa kwenye simu, na hakuna aliyejali salio.

Lakini safari ninayotaka muikumbuke ni nyingine, na nimeiacha mpaka sasa kwa sababu si rahisi kuiandika.

Ndege ya mizigo hubeba pia waliofariki. Hamtaambiwa sana darasani. Mtaambiwa karatasi gani zinahitajika, na kwamba sanduku linapakiwa la mwisho, karibu na mlango, ili lishuke la kwanza, na kwamba hakuna kitu kinachowekwa juu yake. Hayo ni kweli. Usiku mmoja kule Uarabuni tuliletewa sanduku la msichana aliyekuwa amekwenda kufanya kazi za nyumbani. Aliugua wiki mbili, akafariki. Karatasi ilisema anaitwa Kasyoka, na kwao ni Mutomo, Kitui. Umri wake ulikuwa umri wako, Mumbua.

Nililifunga mwenyewe. Mikanda minne, na chini yake nikaweka blanketi, ambalo sheria hailidai wala hailikatazi. Tukaruka. Kiti cha lodimasta kiko mbele, upande wa marubani, na kuna kimlango kidogo cha kupita kwenda nyuma kukagua. Kwa kawaida mizigo ikishafungwa vizuri hakuna haja ya kurudi. Siku hiyo nilirudi mara nne. Nilivaa koti kwa sababu ya baridi, nikaenda, nikagusa mikanda, nikamwambia kwa Kikamba tumefika wapi. Tumepita bahari. Sasa tuko juu ya nchi kavu. Sasa tunashuka, usiogope.

Tulitua saa nne asubuhi. Kwenye ghala mama yake alikuwa anangoja na watu wawili wa kanisa lao, amevaa kanzu ya chama cha akina mama na sweta juu. Karatasi zilimalizika, sanduku likaingizwa kwenye gari. Wenzake wakamshika mkono aende. Hakwenda. Alimwuliza karani kitu, karani akatikisa kichwa. Akamwuliza askari, naye akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa napita na hati zangu. Aliona fulana yangu, kisha akasoma jina langu kifuani, akajua mimi ni wa kwetu.

"Mwanangu," akaniambia kwa Kikamba, "mimi nataka kuona mahali alipolala."

Watu hawaruhusiwi kuingia pale. Nilikwenda kwa kapteni, nikamwambia. Alikuwa amechoka, ameshavua kofia. Akaniangalia, akaniuliza, "Ni dakika ngapi?" Nikasema sijui. Akavaa kofia yake tena, akaenda mwenyewe kuongea na wakubwa wa uwanja. Tukampa mama fulana ya kung'aa, nikamshika mkono, tukapanda ngazi polepole kwa sababu magoti yake yalimsumbua.

Ndani ya Kalondu kulikuwa na paleti zetu zote bado, zimefunikwa plastiki, na karibu na mlango nafasi tupu yenye lile blanketi. Nikamwonyesha. Aliinama akaweka kiganja juu ya blanketi, akakaa hivyo. Kisha akaangalia kuta.

"Hakuna dirisha," akasema.

"Hakuna, mwaitu," nikamwambia, kama tunavyomwita mama kwetu. "Yalizibwa."

"Kwa hivyo alikuja kwenye giza."

"Kuna taa. Niliiacha ikiwaka."

Akaitikia kwa kichwa, akafikiri. Nikajua anatafuta namna ya kuuliza swali lingine. Nikangoja.

"Alikuwa peke yake huku?"

Ningeweza kumwambia kwamba nilikaa naye njia nzima. Lingekuwa neno zuri, na hangejua kamwe. Lakini nilikumbuka anaanza safari ya kumzika mtoto, na nikaona alistahili kitu ambacho kingebaki kweli hata kesho.

"Mimi nilikaa mbele na marubani," nikamwambia. "Lakini nilikuwa nakuja kumwangalia. Nilikuja mara nne. Kila nikija nilimwambia tumefika wapi."

"Kwa lugha gani?"

"Kikamba."

Alinyoosha mgongo. Alinishika mikono yote miwili, akaishika muda mrefu, vidole vyake vikavu na vya moto.

"Basi alielewa," akasema.